DNA ya Mtoto Mwenye Ualbino Inamshitaki Nani?



Huku kwetu mtu akisema "twende tukapime DNA", hakuna anayefikiria ugonjwa. Tunajua baba anataka kuhakikisha kama mtoto ni wake. Juzi baada ya Misa, hapa Masukulu, maneno hayo yalizuka kuhusu nyumba moja iliyopata mtoto mwenye ualbino. Baba mweusi, mama mweusi. Basi mmoja wetu akasema, "Mama atueleze vizuri."

Jamani, hebu tuone vinasaba vinavyosema. Ualbino wa ngozi, nywele na macho unarithiwa pande zote mbili. Mtoto hupokea nakala moja ya kinasaba chenye hitilafu kwa baba na nyingine kwa mama. Aliyebeba nakala moja tu haonyeshi dalili yoyote. Anaweza kuwa mweusi tii na akazeeka bila kujua. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo baba anayekwenda kupima ili amnase mkewe, kama mtoto ni wake, ataambiwa kwamba nusu imetoka kwake. Na rangi ya mtoto peke yake haithibitishi uzinzi wa mtu yeyote.

Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walipomwona kipofu walitafuta mkosaji: yeye au wazazi wake? Yesu alilikataa swali lenyewe. Lakini mimi huwa nawafikiria zaidi wale wazazi. Baadaye waliitwa na kuhojiwa, wakaogopa, wakasema mwulizeni mwenyewe, ni mtu mzima. Mama wa mtoto mwenye ualbino anahojiwa hivyo sokoni, bombani, hata mlangoni pa kanisa.

Sasa, je, wachumba wapime? Tusijifanye ni jambo geni. Wazee wetu huchunguza ukoo kabla ya mahari: kuna kifafa? kuna ukoma? Tatizo ni kwamba wengi huchunguza ili wakimbie.

Kanisa halikatazi kujua. Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 inakubali hata kumpima mtoto akiwa tumboni, ikiwa ni kwa ajili ya kumlinda au kumtibu. Inakataa kumpima kwa nia ya kumtoa. Na mwaka 1930, wakati baadhi ya nchi zilikuwa na sheria za kuwazuia watu kuzaa kwa sababu ya urithi wao, Papa Pius XI katika Casti Connubii alipinga serikali kuwanyima ndoa watu wa namna hiyo. Alikubali lakini kwamba wanaweza kushauriwa wasioane. Hapo, kwa kweli, mimi nasita. Ushauri wa ndugu wakati mwingine ni marufuku iliyovaa kanzu.

Kujua kuna kazi nzuri zaidi. Mzazi aliyejiandaa anajua tangu siku ya kwanza kwamba mtoto atahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kama Kilisun yaliyoanza kutengenezwa KCMC Moshi, na kiti cha mbele darasani kwa sababu ya macho. Sisi wa Rungwe tunadanganywa na ukungu. Mawingu hayazuii miale yote, na saratani ya ngozi haiulizi kama asubuhi ilikuwa ya baridi.

Dada mmoja aliye kwenye mafundisho ya ndoa ana mdogo wake mwenye ualbino, baba mmoja mama mmoja. Kwa hesabu, nafasi kwamba naye amebeba ile nakala ni mbili kati ya tatu. Aliniuliza kama ni lazima amwambie mchumba wake. Nilimjibu amwambie, tena kabla ng'ombe hawajatolewa. Si kwamba ana doa la kuungama; huyo kaka anatarajia kuwa baba, na naye huenda amebeba.

Alimwambia Jumapili. Kaka alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza wanapima wapi, na kama wanaweza kwenda wote wawili.