Nani Mwingine Yumo Kitabuni?

Viongozi wetu wakistaafu siku hizi huandika vitabu vya maisha yao, na mimi ni mmoja wa wanaovinunua. Benjamin Mkapa alitoa chake mwaka 2019. Mzee Ali Hassan Mwinyi akafuata na Mzee Rukhsa mwaka 2021. Nyumbani kwangu vitabu hivyo vinakaa rafu moja na riwaya za Abdulrazak Gurnah na Adam Shafi, na ujirani huo umenitia swali. Inakuwaje mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, aliyebuniwa tu na mwandishi, nimjue kuliko rais niliyeishi chini ya uongozi wake kwa miaka kumi?

Jibu nadhani lipo misibani. Kabla ya kwenda kuzika, mtu husimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alishika vyeo gani, aliugua nini, ameacha mjane na watoto wangapi. Yote ni kweli, lakini marehemu mwenyewe hayumo. Subiri usiku, watu wakishakunywa kahawa pale chini ya turubai. Shemeji mtu ataanza: huyu bwana alikuwa hasahau deni hata la mia, lakini mwanangu alipofukuzwa shule kwa ada, ni yeye aliyelipa na akanikataza nisimwambie mtu. Hapo kila mtu anacheka, na marehemu anarudi kati yetu mzima mzima. Vitabu vingi vya maisha vimeandikwa kama ile karatasi ya mchana. Riwaya nzuri ni mazungumzo ya usiku.

Chukua Peponi, riwaya ya Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameileta katika Kiswahili. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anampenda Ami Aziz kwa sababu kila akija kuwatembelea humwachia sarafu ya anna kumi. Siku moja wazazi wanamwambia atasafiri naye. Anapanda garimoshi, anafika pwani, na ni Khalil, kijana wa dukani, anayemfumbua macho: yule si ami yako, baba yako anadaiwa naye, na wewe ndiwe rehani. Mwandishi mwingine angemfanya Aziz kuwa jitu. Gurnah anamwacha awe tajiri mpole, nadhifu, anayenukia manukato, asiyepandisha sauti. Hilo ndilo linalotisha. Nikamwona Yusuf, nikamwona na Aziz, na nikakumbuka wapole kadhaa ninaowajua mimi ambao watoto wa watu wanatumika majumbani mwao.

Adam Shafi ananifikirisha zaidi, maana ameandika kwa njia zote mbili. Mbali na Nyumbani ni masimulizi ya ujana wake mwenyewe, kijana wa Unguja anayetoroka kwenda kutafuta elimu Ulaya. Lakini kuhusu jela, ambako yeye mwenyewe aliwekwa baada ya Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Karume, kuuawa Aprili 1972, aliandika riwaya, Haini, iliyotoka mwaka 2003. Sijui alikuwa na sababu gani moyoni. Mimi msomaji naona faida yake. Anayesema "mimi" ana ushahidi wa macho yake tu. Anayeandika riwaya anaweza kutoka kwenye chumba chake cha mahabusu akaingia cha jirani, akawatazama hata askari walioshika funguo.

Je, ina maana tuache kusoma tawasifu? Hata kidogo. Wangari Maathai, katika kitabu chake cha mwaka 2006, Unbowed, anakumbuka kijito kilichokuwa kikibubujika karibu na mti wa mugumo kwao Ihithe. Alipokuwa mtoto aliyaona mayai ya vyura majini akadhani ni shanga, akajaribu kuyavaa shingoni, yakawa yanamponyoka vidoleni. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, maana ni mti wa Mungu. Miaka baadaye akarudi, akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Katika kurasa hizo mama ana sauti, na kijito nacho kina maisha yake. Maathai aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 anakaa pembeni, na kwa kukaa pembeni ndipo tunapomwona.

Mkapa naye ana mahali anaposimama hivyo. Aliandika kwamba mauaji ya waandamanaji kule Pemba, Januari 2001, yatabaki kuwa doa katika uongozi wake. Si viongozi wengi Afrika walioweza kuandika hivyo, na ninamheshimu kwa hilo. Lakini doa ni la mwenye nguo. Waliopoteza watoto, na familia zilizovuka bahari hadi Shimoni nchini Kenya kukimbia risasi, wana kitabu chao, nacho hakitaandikwa Ikulu.

Kwa hiyo nikimaliza kusoma maisha ya mtu siku hizi najiuliza: dereva wake, mpishi wake, ndugu aliyegombana naye, wakikisoma kitabu hiki watajikuta humo na nafsi zao, au watakuta majina yao tu kwenye shukrani? Kigezo hicho nakitumia hata kwa sisi tusio na vyeo. Sote tunajisimulia, kwa watoto wetu, kwa wake na waume zetu, na katika simulizi hizo ni sisi tuliovumilia na wengine ndio waliotukosea. Unayetaka kuandika maisha ya mzazi wako, usianze na vyeti vyake. Nenda kwanza kwa yule dada aliyelelea watoto nyumbani kwenu, kaa naye, umwache aseme mpaka amalize.