*RAMADHANI 17: Harufu Inapokatika*



Ndugu yangu uliyefunga, leo tuambiane ukweli. Usiku wa kwanza wa tarawehe ulisimama machozi yakakutoka. Sasa mwezi umevuka nusu, imamu anasoma vile vile, lakini moyo mkavu. Mwili uko kwenye safu, akili iko kwenye nguo za watoto za Idi. Unajiuliza kimoyomoyo: hivi imani yangu imeondoka? Na wengine wameshajijibu, ndio maana safu za nyuma zimepungua.

Hebu tumwangalie kamba koche. Mvuvi akiweka chambo ndani ya dema, usiku kamba anakifuata gizani kwa kunusa. Tunaweza kudhani harufu majini imenyooka kama uzi, unaufuata mpaka mwisho. Sivyo. Maji yanapita kwenye mawe na matumbawe, yanazunguka, yanavurugika, na harufu inakatika vipande vipande. Kamba anachapachapa vile vipapasio vyake vifupi vya kichwani: mara harufu hii hapa, mara hakuna, maji matupu. Na akikutana na kipande kikali, hiyo si dalili kwamba amefika. Mkondo unaweza kukibeba kipande kikali mbali sana na chambo.

Sasa, viumbe hawa wanafikaje? Kaa, kwa mfano, akiipata harufu anaukabili mkondo na kwenda kule maji yanakotoka. Ikikatika, hakimbilii kwingine. Anatafuta upande huu na upande huu, karibu na pale alipoipata mara ya mwisho, mpaka aipate tena. Kisha anaendelea.

Subhanallah! Ladha ya ibada nayo huja hivyo hivyo, vipande vipande. Sahaba Hanzala (r.a.) alijihofia unafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume ﷺ ni kama anaiona Pepo, akirudi kwa mke na watoto anasahau mengi. Abu Bakr (r.a.) akamwambia hata yeye hukutwa na hali hiyo. Walipomwendea Mtume ﷺ, hakuwaambia kwamba ni wanafiki. Aliwafahamisha kwamba moyo una saa yake ya hivi na saa yake ya vile. Imo katika Sahih Muslim.

Kwa hiyo usijipime kwa machozi ya jana wala ukavu wa leo. Jiulize: nimeelekea wapi? Nafsi ina mkondo wake, inakuvuta kitandani, inakuvuta kwenye simu. Ukiukabili na kusimama rakaa zako huku husikii kitu, bado uko njiani.

Tena kumbuka, Mtume ﷺ ametufundisha kwamba harufu ya kinywa cha mfungaji mbele ya Allah ni nzuri kuliko miski. Wewe mwenyewe hiyo miski huisikii. Anaijua Yule unayemfungia.

*Kazi ya leo:* kumbuka ni wapi moyo wako ulilainika mara ya mwisho. Ni sura gani? Ni sijda ya usiku? Ni sadaka uliyompa jirani kwa siri? Rudi hapo hapo leo, hata kwa dakika 10. Kumi la mwisho liko mlangoni, lisikukute umeshaondoka kwenye safu.

Ewe Mwenye kuzigeuza nyoyo, zithibitishe nyoyo zetu katika dini Yako. Aamin.

Mtumie na mwenzako ambaye hujamwona msikitini wiki hii. Wabillahi tawfiq.