Idhini ya Mwenye Mali

Simu yangu ilijisasisha usiku bila idhini yangu; asubuhi nikakuta ndani yake programu nisiyoiomba. Kuifuta haikuwezekana, niliruhusiwa kuizima tu. (Ruhusa, katika mali niliyoinunua!) Siku hiyo nilikuwa mwaloni Kirumba, Mwanza, mbele ya meza za sangara. Naye alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, enzi za ukoloni, wavuvi wasiulizwe. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zikitoweka. Lakini sangara huyo amesomesha watoto wengi wa Mwanza, nami sithubutu kumlaani. Je, faida ya baadaye yaweza kushika nafasi ya idhini? Naona haiwezi. Tena sangara hakuna awezaye kumtoa ziwani sasa, hata aliyemtia. Walioitia programu waweza kuitoa leo, hawataki.