Aliyeokoka Hutenda Dhambi Tena?

Wamisionari Walutheri kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, kisha Maneromango mwaka 1895. Walikuja na fundisho la Martin Luther: aliyeamini amehesabiwa haki, lakini hubaki mwenye dhambi hadi kufa kwake.

Leo ukifika Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, utawasikia pia walokole wanaoamini kwamba aliyezaliwa mara ya pili ameachana na dhambi kabisa. Hao hufungua 1 Yohana 3:9, isemayo kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Wenzao huwajibu kwa 1:8 ya waraka huohuo, unaosema anayejidai hana dhambi anajidanganya. Na mwandishi ni mmoja! Sura ya kwanza inamkemea anayejitakasa kwa maneno. Ya tatu inamkemea aliyeifanya dhambi kuwa maisha yake. Aliyeteleza kwenye tope hajahamia humo.

John Wesley, mhubiri wa Uingereza, alifundisha kwamba ukamilifu wa upendo unawezekana hapahapa duniani. Hata yeye alikubali kwamba aliyeufikia bado hukosea kwa kutojua.

Ushahidi wa karibu zaidi ni Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka hadi Bukoba. Waliookoka walirudisha mali walizoiba na kupatana na mahasimu. Hata hivyo, miaka nenda miaka rudi, waliendelea kukutana na kuungama makosa mapya mbele ya wenzao.

Basi, ndugu uliyeokoka na jana ukaanguka, usijifiche. Rudi kwa wenzako, ungama, uendelee na safari.