Uliza Kwanza

Mchele ukitoka dukani hauendi moja kwa moja sufuriani. Unamwagwa kwenye ungo, unachambuliwa, mawe yanatolewa. Anayechambua hamtukani mwenye duka. Analinda meno ya wanawe. Basi kampuni inayotaka akiba yako au jasho lako, nayo ichambue. Uliza kama imesajiliwa. BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, wana kumbukumbu. Uliza wakurugenzi wake ni nani. Uliza leseni imetolewa na nani, na kwa kazi gani. Kisha waulize waliokwisha kufanya nayo kazi: je, walilipwa kwa wakati?

Utasema, cheti kipo ukutani, kinatosha. Hakitoshi. Usajili unasema kampuni ipo. Hausemi imeruhusiwa kupokea fedha za watu. Tukumbuke DECI, mpango wa upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009. Wengi walipeleka fedha wakiahidiwa faida nono, na baadaye viongozi wake walitiwa hatiani kwa kupokea amana za umma bila leseni. Swali la leseni lilikuwa na pa kuulizwa: Benki Kuu. Utasema tena, aliyeniambia ni ndugu yangu, namwamini. Mwamini. Lakini ndugu naye huenda ameambiwa tu, na upendo wake si leseni. Na ukihofia kwamba maswali yatawaudhi wenye kampuni, fikiri hivi: mwenye nia njema hana sababu ya kuogopa swali. Leo kazini, kabla kalamu haijagusa mkataba, uliza. Ukiharakishwa, uliza tena.