Chanjo ijaribiwe kwa mtoto wa nani?



Ndugu msomaji, hivi karibuni nilikuwa nikifundisha malengo ya sharia hapa Morogoro. Tulipofika kwenye kuhifadhi nafsi nikatoa mfano wa chanjo, nikaeleza kuwa kujikinga na maradhi hakupingani na kumtegemea Allah (S.W.). Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Ustadh, chanjo kabla ya kuthibitishwa hujaribiwa kwa watoto. Je, wewe ungempeleka wa kwako?" Nilibabaika. Nikamwambia tutalizungumza kipindi kijacho. Makala hii ndiyo jibu langu.

Swali hilo si la Ulaya, limepita mkoani kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kijiji cha Idete, Kilombero, watafiti wa Ifakara na wenzao wa nje walijaribu chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata chanjo, la pili likapata sindano isiyokuwa na chanjo hiyo ili ilinganishwe. Mwaka 1994 ikatangazwa kuwa malaria ilipungua kwa asilimia 31. Lakini majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuona kinga, na chanjo ile ikaachwa.

Novemba 2002 wataalamu wa malaria walikusanyika Arusha katika mkutano wa tatu wa Afrika nzima kuhusu maradhi hayo. Mikutano ya namna hiyo huzungumza asilimia, na ni haki yake. Lakini nyuma ya kila asilimia kuna mkono wa mtoto ulioshikwa na mama yake ili uchomwe sindano. Mtoto yule hakuulizwa.

Wanazuoni wameliona hilo. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, ilisema kuwa utafiti wa kitabibu unahitaji ridhaa ya mtu mwenye akili timamu aliyekwishabaleghe, asiyelazimishwa kama mfungwa wala kurubuniwa kwa mali kama maskini. Ikazuia kuwafanyia utafiti wasio na uwezo wa kuridhia, hata kama walii amekubali. Mwaka 2006 mjini Amman, Majmaa ililirudia suala la utafiti kwa binadamu na kuliwekea vidhibiti. Jambo ambalo wanazuoni hulirudia si jepesi.

Msingi wa katazo lile ni mzito: mtoto ni amana, si mali ya mzazi. Tena tunajua yanayotokea amana ikichezewa. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilifanya jaribio la dawa iitwayo Trovan lililohusisha watoto wapatao 200, na 11 wakafariki. Kampuni ilikana kuwa dawa yake ndiyo sababu. Wazazi walisema hawakuelezwa kuwa ni majaribio. Mwaka 2009 kampuni ikakubali kulipa fidia. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Kano ilisimamisha chanjo ya polio, na polio ikaenea hadi nchi nyingine. Imani iliyovunjwa na watu wazima ililipiwa na watoto mara mbili.

Sasa tazama upande wa pili. Malaria huua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Mtu mzima wa Kilombero aliyeumwa na mbu tangu utotoni ana kinga kiasi fulani, kwa hiyo kumjaribu yeye peke yake hakutuambii chanjo itamfaa vipi mtoto. Tukisema hakuna mtoto atakayejaribiwa kabisa, tumesema hakuna chanjo ya malaria kwa watoto. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe. Hata watoto wa kundi la kulinganisha walipewa chanjo nyingine yenye faida, kama ya kichaa cha mbwa. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Anayenufaika na matunda hayo huku akisema watoto wa wenzake tu ndio wajaribiwe, huyo hajaipima nafsi yake kwa mizani ya uadilifu.

Kwa maoni yangu, jambo hili linajuzu kwa masharti. Kwanza, chanjo ijaribiwe kwa watu wazima na usalama wake ujulikane. Pili, mtoto mwenyewe awe na maslahi ndani yake. Tatu, ridhaa iwe ya kweli. Hapa ndipo penye mtihani. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti. Kisharia walii ni baba. Lakini anayeshuka mlimani na mtoto mgongoni kwenda kliniki ni mama. Nani ameelezwa? Na mama asiye na nauli ya hospitali, akiahidiwa matibabu ya bure, je, ameridhia au amebanwa? Lazima awe na uwezo wa kusema hapana na bado mwanawe atibiwe.

Nne, matunda yarudi kwa waliojitoa. Mwaka 2019 RTS,S ilipoanza kutolewa kwa majaribio nje ya utafiti, ilianzia Malawi, Ghana na Kenya. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe walitoa mikono yao, lakini nchi yetu haikuwemo.

Nilirudi darasani nikamjibu kijana yule. Nilimwambia ningeuliza maswali hayo manne mbele ya mama wa mtoto na mjomba wake. Nikijibiwa sawasawa, ningempeleka, nami ningeogopa. Jibu moja likikosekana, ningerudi naye nyumbani bila kuona haya. Maimamu wetu nao wajifunze kuyauliza kabla sindano haijafika kijijini, si baada ya uvumi kuenea.

Wabillahi tawfiiq.