Kuingia Ndani: Bwami na Michezo ya Ekrani

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, mchezo wa kompyuta umepewa nyumba. Mutu haketi tena na kukamata maneti mbele ya televizyo. Anaingia katika chumba cheusi, picha ziko ukutani pande zote, sauti inamzunguka, naye anatembea ndani ya mchezo wenyewe. Njo sanaa, wanasema.

Tusiwacheke haraka. Mwaka 2002 Mmarekani Cory Arcangel alichukua katriji ya Super Mario Bros. ya Nintendo akafuta kila kitu: adui, njia, hata Mario mwenyewe. Akaacha anga ya bluu na mawingu yanayopita. Mwaka 2008 Mchina Feng Mengbo akatengeneza Long March: Restart. Humo askari wa Jeshi Jekundu anakimbia kwenye kuta mbili ndefu huku akirusha makopo ya Coca-Cola, na mwenye kucheza inabidi amfuate kwa miguu. Mwaka 2012 makumbusho ya MoMA, New York, yakaingiza michezo 14 ya kwanza katika mkusanyo wake. Wale watu wamegundua kwamba kitu kinasema zaidi ukiwa ndani yake kuliko ukikitazama kwa mbali.

Lakini kwetu Warega, kugundua huko ni kwa zamani. Tuchukue lukwakongo, kile kinyago kidogo cha mti kinachojaa kiganja. Katika bwami hakikuvaliwa usoni tu. Kilishikwa mkononi, kilifungwa kwenye mkono au kwenye paji, kilitundikwa kwenye uzio pamoja na vingine, kilirundikwa chini. Kila mara ngoma na maneno njo yalikipa maana yake, na kesho yake maana iliweza kugeuka. Mwenye kuingizwa hakuwa mtazamaji. Alikuwa ndani. Daniel Biebuyck, aliyekaa kwetu miaka ya 1950, alitoa kitabu mwaka 1973, na katika jina lake aliweka sanaa, kuingizwa na falsafa ya maadili pamoja. Hapo hakukosea.

Serikali ya Wabelgiji ilipiga bwami marufuku mwaka 1948. Vitu vingi vikaenda Tervuren, vingine Los Angeles, vikawekwa ndani ya vitrini na taa juu yake. Katriji bila mashine, basi. Kwa hiyo vijana wetu waliosoma wanapotuambia, "Tutengeneze chumba cha namna ile, mgeni aingie bwami kwa ekrani na sauti, vinyago vicheze tena," tunaelewa njaa yao. Ni njaa nzuri. Hata hivyo tunauliza: yule anayeingia, anaingia kwa deni gani?

Maana kutoka kongabulumba mpaka kindi, hakuna aliyepanda cheo peke yake. Ndugu walikusanya musanga, wajomba walitoa nyama na mafuta, mke alipanda pamoja na mumewe. Ukiisha kuingizwa, mwenendo wako ulikuwa mali ya wote waliokulipia. Ukikosa, uliwaaibisha wao. Mchezo wa ekrani haiko vile. Unakufa, unabonyeza, unaanza upya. Hatusemi ni ubaya. Mtoto anahitaji mahali pa kukosea bila kuumia, na michezo ya uwanjani kwetu ilifanya kazi hiyohiyo. Ila chumba kinachomruhusu mutu aonje kindi kwa dakika kumi, halafu atoke akanywe kahawa bila wajibu kwa yeyote, kitakuwa kimemwonyesha sura ya bwami na kumnyima bwami yenyewe. Na atarudi kwake akidhani ameijua. Huo njo uongo tunaouogopa, kuliko hata siri kutoka nje.

Kuna deni la pili, na hili liko karibu zaidi na miguu yetu. Vipande vya ndani ya kompyuta vinaunganishwa kwa bati, na tangu mwaka 2006, Ulaya ilipobana matumizi ya risasi katika vyombo vya umeme, bati limezidi kuchukua nafasi. Kasiterite ya Pangi ilichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, ikachimbwa na SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, na baada ya kampuni kuanguka wachimbaji wakaendelea kwa nyundo na mikono. Mwaka 2011 Molleindustria walitoa mchezo wa simu uitwao Phone Story, ambamo mwenye kucheza mwenyewe anawasukuma watoto kufanya kazi katika shimo la koltani Kongo. Apple wakauondoa mara moja katika duka lao. Tuseme ukweli, mchezo ule mdogo ulijua kudai deni kuliko vyumba vingi vya fahari, kwa sababu ulikutia hatia kwa kidole chako mwenyewe. Aliyefunikwa na udongo ndani ya shimo hana kitufe cha kuanza upya.

Basi vijana watengeneze. Msitu waweke, wavu wa kuwindia, hadithi za usiku, hata shimo lenyewe na giza lake. Nyumba ya kindi waiache na mlango umefungwa, mgeni auone, augonge, usifunguke. Na mlangoni pa chumba kizima akae mzee wa hapa, mwenye kulipwa kama fundi wa ekrani anavyolipwa, amuulize kila anayeingia ni mtoto wa nani na nani amemleta.